Namba 8 au namba 10: fimbo ipi kwa pwani ipi?

Shemeji yangu anakaa Makangale, kaskazini ya Pemba. Mimi niko Bwejuu, Unguja. Sote wawili tumelelewa na mshipi wa mkono, na sote tumejifunza kwa wageni tunaowachukua baharini uvuvi mwengine, ule wa fimbo nyepesi na chambo cha manyoya. Mwezi wa Shaaban akanipigia simu.

"Shemeji, mgeni wangu anaondoka kesho kutwa. Ana fimbo mbili za kaboni, namba 8 na namba 10. Anataka kuniuzia moja, na bei yake nzuri. Nichukue ipi?"

"Ukizitikisa zinapinda wapi?"

"Ile 8 inapinda ncha tu, ngumu kwelikweli. Ile 10 inapinda mpaka katikati."

"Basi chukua 10."

"Lakini wewe mwenyewe unatumia 8, tena ngumu!"

Ni kweli, na siibadilishi. Wala sikumwambia vile kwa sababu fimbo yangu ni bora au yake ni dhaifu. Vijana wengi wanaoendesha boti wananiuliza swali hili hili, na kila mmoja anangoja jibu moja la kumfaa kila mtu. Jibu hilo halipo. Mimi na shemeji tunavua bahari mbili tofauti kwa mikono miwili tofauti, na fimbo zetu zimefuata hapo.

Kwanza niseme na anayetafuta kitoweo. Usinunue fimbo hii. Mshipi wa mkono, chubwi na kipande cha ngisi vitakupa changu na chewa wengi zaidi, tena katika kina ambacho chambo cha manyoya hakifiki. Fimbo hii ni ya maji mafupi na samaki wa juu, aghalabu samaki unayemuona kwa macho kabla hujamtupia. Ni uvuvi wa raha, na kwa sisi tunaopeleka wageni ni uvuvi wa kazi. Mwenye haja hiyo aendelee kusoma.

Namba inasema nini

Ukitupa mshipi wa kawaida, chubwi ndiyo inayotangulia na uzi unafuata. Hapa mambo yamegeuka. Chambo ni manyoya na nyuzi zilizofungwa juu ya ndoana, hakina uzito wa maana. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, mnene, uliovishwa plastiki, na chambo kinaufuata nyuma. Mshipi unaivuta fimbo ipinde, fimbo inajinyoosha, na mshipi unafunguka hewani kama jamvi linalokunjuliwa sakafuni.

Kwa hiyo namba ya fimbo ni namba ya mshipi inaoubeba. Mita 9 za mwanzo za mshipi wa namba 6 zina uzito wa gramu 10 na kidogo. Za namba 8 ni gramu 13.6, za namba 9 ni gramu 15.5, za namba 10 ni gramu 18, na za namba 12 zinakaribia gramu 25. Kati ya 8 na 10 pana gramu 4 na nusu tu. Ukizitia kiganjani utaona si kitu. Ukizirusha asubuhi nzima, kwenda na kurudi, bega litakwambia.

Mshipi mzito unabeba chambo kikubwa, na hapo ndipo namba inapochaguliwa: chambo kinafuata samaki, namba inafuata chambo. Huku kwetu Bwejuu, ndani ya mwamba, samaki wangu ni chaa, changu wadogo, mkundaji anayepekua mchanga kwa ndevu zake, na kolekole wa kilo moja au mbili wanaoingia na maji yanayojaa. Chambo chao ni mfano wa kamba mdogo, urefu wa kidole cha mwisho. Namba 8 inanitosha, na siku ya shwari hata 7 ingenitosha.

Makangale ni habari nyengine. Upande wa magharibi wa Pemba bahari inashuka ghafla, na Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Kolekole wakubwa, nguru na mzia wanapita kwenye ukingo huo wakifukuza vibua. Chambo cha kuwashawishi ni cha urefu wa shibiri, na kikilowa maji kinakuwa kizito. Kukirusha kwa namba 8 ni kulipakia gari la punda mzigo wa gari la ng'ombe: utafika, lakini utaumiza mnyama na utaharibu gari. Na hata ukikirusha, samaki wa aina hiyo akishashika anateremka chini kwenye miamba, na fimbo lazima iwe na nguvu ya kumgeuza kabla hajakata uzi.

Ipo na namba 12, ya wanaomtafuta yule kolekole mkubwa kabisa anayeweza kupita kilo 50. Niliishika ya mgeni mmoja kwa muda wa saa nzima, nikamrudishia kwa adabu. Ile si fimbo ya kurusha kutwa. Unaibeba, unasimama, unangoja mpaka umuone samaki mwenyewe.

Ugumu ni jambo jengine kabisa

Hapa ndipo watu wanapochanganya. Wanadhani namba kubwa ndiyo fimbo ngumu. Sivyo. Ipo namba 8 ngumu na ipo namba 10 laini, kama shemeji alivyoletewa. Mimi nimefika pa kuamini hivi: namba ni ya chambo na samaki; ugumu ni wa upepo na mkono wako.

Fimbo ngumu inapinda karibu na ncha na inajinyoosha haraka. Jamvi lile la mshipi linafunguka jembamba, na kitu chembamba kinapenya upepo. Pwani yetu ya mashariki imeelekea bahari kuu. Upepo wa kusi unatoka kusini mashariki, kwa hiyo ukisimama ndani ya maji ukiutazama mwamba, unakupiga shavu la kulia na kifua. Miezi ya kusi hapana pa kujificha. Fimbo laini katika upepo ule inafungua mshipi mpana, upepo unauchukua, na chambo kinakuangukia miguuni. Ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kupenda ngumu, na nadhani ndiyo sababu pekee ya maana.

Upepo huo wa kulia una hatari yake kwa anayerusha kwa mkono wa kulia: unasukuma mshipi na ndoana kichwani mwako. Msimu wangu wa kwanza ndoana iliniingia nyuma ya sikio. Niliihisi kama kofi, kisha nikahisi uzi unanivuta ngozi. Mwenzangu alinitolea kwa koleo pale pale majini, na nilikaa siku kadhaa nikilala ubavu mmoja. Tangu siku hiyo sitii ndoana mshipini kabla ya kukibonyeza kwa koleo kile kijimwiba chake cha ndani mpaka kilale. Ikikuchoma inatoka ilikoingilia. Miwani na kofia pia, kila siku. Na miezi ya kusi narusha juu ya bega la kushoto, jambo linalochukua wiki mbili tatu kulizoea. Kaskazi ikiingia, upepo unahamia shavu la kushoto na kazi inakuwa nyepesi. Anayetumia mkono wa kushoto hesabu yake ni kinyume.

Sasa ubaya wa ngumu. Haisamehi. Ukiwahi nusu sekunde au ukichelewa, mshipi unaanguka rundo. Na kwa masafa mafupi ni nzito kuizindua: samaki akijitokeza mita 8 mbele yako, mshipi uliotoka nje ya ncha ni mfupi, uzito wake hautoshi kuipinda, na unajikuta unarusha kwa mpini wa fagio. Fimbo laini hapo ndipo inapotamba. Inapinda kwa mshipi mdogo, unasikia uzito wake mpaka kwenye mshikio, na hata mkono uliochoka unaweza kuiendesha.

Wauzaji wanapenda kusifu fimbo kwa masafa: hii inafika mita 25, hii 30. Mimi nimehesabu kwa hatua zangu mwenyewe juu ya mchanga, na samaki wengi niliowapata walikuwa kati ya mita 10 na 15. Upepo hauruhusu zaidi, na macho hayaoni zaidi maji yakichafuka kidogo. Usilipie mita ambazo hutazitumia.

Kuna jambo la tatu ambalo nililijua kwa hasara. Kaboni ya fimbo ngumu aghalabu ni nyembamba na kavu. Inabeba sana lakini haipendi kugongwa. Nilikuwa na fimbo kabla ya hii, nayo ngumu, nikaitilia chambo chenye macho ya risasi ili kizame haraka. Upepo ukakirudisha, kikaigonga fimbo shibiri mbili chini ya ncha. Tak! Nikaipangusa, nikaitazama, sikuona kitu. Siku nne baadaye nilikuwa na kolekole wa kilo mbili hivi, si samaki wa kutisha, na fimbo ikakatika pale pale ilipogongwa. Nilipoishika kipande mkononi niliona ile alama, ndogo kama punje ya mchele, nyeupe, ndani yake nyuzi zimesimama kama manyoya ya paka mwenye hofu. Samaki aliondoka na ncha ya fimbo ikining'inia kwenye uzi.

Kwa hiyo ukitumia chambo kikubwa au chenye risasi, fimbo laini kidogo ni salama zaidi. Mwendo wake wa taratibu unafungua mshipi mpana, na chambo kinapita mbali na fimbo na mbali na kichwa.

Rudi kwa shemeji uone. Anavulia ndani ya ngalawa, ukingoni, masafa mafupi. Miezi ya kusi kisiwa chote cha Pemba kiko mgongoni mwake kinamkinga. Chambo chake ni kikubwa. Mkono wake, nimeuona miaka yote, ni mkono wa mshipi: mpole, wa kusubiri, hauna haraka. Fimbo ngumu ingemtesa bila faida. Kaskazi ikivuma rasi ya Kigomasha, hapo kwao Makangale, iko wazi kabisa, lakini siku hizo ngalawa yake haitoki hata kwa mshipi wa kawaida. Mimi nasimama kwa miguu, upepo usoni, chambo kidogo, na mkono wangu una papara. Fimbo ngumu inanifaa.

Anayevua pande zote mbili, wiki hii Chwaka, wiki ijayo Fumba au Misali, mimi ningemwambia achukue namba 9 ya ugumu wa kati. Haitakuwa bora popote, na haitamwangusha popote.

Faiba isidharauliwe

Fimbo za zamani zilikuwa za mianzi ya China iliyopasuliwa vijiti sita vikagandishwa pamoja. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja faiba, na miaka ya 1970 ikaja kaboni ikazifuta zote mbili madukani. Fimbo za mianzi nimeziona kwa wageni wawili tu, wanazishika kama mtoto mchanga, na kwa chumvi na fukuto letu sizipendekezi.

Lakini faiba ni kitu chengine. Sisi tunaijua faiba kwa maboti: inagongwa, inaburutwa, inaendelea. Fimbo ya faiba ni hivyo hivyo. Ni nzito zaidi, inapinda mpaka karibu na mshikio, na katika upepo wa kusi haifai. Ila ninayo moja ya manjano, namba 8, na ndiyo ninayompa mtoto wa dada yangu anayejifunza. Inamlazimisha kungoja mshipi ujinyooshe nyuma kabla hajasukuma mbele, na ndilo somo lenyewe. Asubuhi ya maji mafu, bahari imetulia kama mafuta ndani ya sinia, chaa wakiwa mita 7 mbele, naichukua mimi na mtoto anabaki bila. Samaki wa nusu kilo kwenye faiba unamsikia mpaka kiwikoni.

Yale ambayo hayahitaji maneno mengi

Urefu: futi 9, basi. Fupi zaidi ni rahisi ndani ya ngalawa, ndefu zaidi inachosha katika upepo. Vipande: chukua ya vipande 4, kwa sababu mfuko wake una urefu wa kama sentimita 75, unaingia kwenye daladala na kwenye boti ya Pemba bila mtu kuukalia. Ya vipande 2 ni mita moja na nusu, na mlango wa gari utaipata siku moja.

Mshipi uwe wa maji ya joto. Bahari yetu haishuki sana chini ya nyuzi 25, na mshipi uliotengenezwa kwa mito ya baridi ya Ulaya unalegea juani, unanata kwenye vipete, zile pete za fimbo zinazopitisha mshipi, na utailaumu fimbo bure. Ukijikuta na fimbo ngumu kupita mkono wako, jaribu kuivisha mshipi wa namba moja juu, 9 kwenye fimbo ya 8. Italainika mara moja, na umeokoa bei ya fimbo mpya.

Rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, iwe ya bahari, yenye breki iliyofungwa isiingie mchanga, na nyuma ya mshipi mnene pawe na uzi wa akiba mita 200. Chumvi haichagui bei: kila jioni osha kila kitu kwa maji baridi ya kisima au mfereji, na vitenganishe vipande vikauke. Fimbo iliyolala imeunganishwa na chumvi ndani hutaitenganisha kwa nguvu za mtu mmoja.

Na masika, ukisikia radi, teremsha fimbo na toka majini. Kaboni inapitisha umeme, na wewe ndiye uliyesimama mrefu kuliko vyote katika eneo lote.

Kabla hujatoa pesa

Huku kwetu fimbo hizi mara nyingi zinapatikana kwa mgeni anayeondoka au ndugu anayerudi safari, kwa hiyo ni za mkono wa pili. Zipitishie ukucha kutoka kitako mpaka ncha, taratibu, ukisikiliza mkwaruzo. Ile alama ya punje ya mchele hujificha, lakini ukucha huipata. Tia pamba ndani ya kila kipete na uizungushe: ikinasa, kipete kina ufa na kitakula mshipi wako. Unganisha vipande na utikise; kikigonga ndani, kiungo kimelika.

Kisha, na hili ndilo watu wanaliacha, irushe. Maji yakikupwa nenda kwenye mchanga mtupu, weka kanga au ndoo hatua 15 mbele, funga kipande cha sufi badala ya ndoana, na urushe kwa robo saa. Anza kuupa upepo mgongo, kisha geuka uukabili. Usihesabu masafa. Angalia ni mara ngapi kati ya kumi umefika karibu na kanga bila kujilazimisha, na usikilize bega. Fimbo inayokutaka uongeze nguvu si yako, hata kama ni ya bei kubwa kuliko zote alizonazo mgeni.

Usijaribu juu ya mashamba ya mwani. Chambo kikinasa kwenye kamba, utamkatia mama wa watu kazi yake ya wiki sita. Zunguka, au ngoja mpaka wenyewe wamalize na uwaombe njia. Na ukiingia maeneo ya hifadhi, kama Menai, Mnemba au upande wa Misali, uliza kwanza kwa kamati ya wavuvi ya shehia au ofisi ya hifadhi. Sehemu nyengine uvuvi wa aina yoyote haukubaliki.

Mfungo mosi nilivuka kwenda Pemba kumtembelea shemeji. Siku ya pili alfajiri tukaingia kwenye ngalawa yake, fimbo yake na yangu zimelala ubavu kwa ubavu juu ya mfuko wa nanga. Nje ya rasi tukabadilishana. Alirusha yangu mara tano. Kila mara aliisubiri kama anavyoisubiri yake, na kila mara mshipi ulikuwa umeshaanguka nyuma kabla hajaanza kusukuma. Nami nikarusha yake. Niliwahi, nikawahi tena, chambo cha shibiri kikanipita karibu na kofia na kuanguka karibu na mrengu. Akanyoosha mkono bila ya kusema kitu, nikampa fimbo yake, naye akanipa yangu. Akairusha mara moja tu, taratibu, mita 12 hivi, pale ambapo maji yanabadilika rangi kutoka kijani kuwa bluu, na kabla hajaanza kuvuta uzi ukakaza.